Kontrol Boksi Lililosingiziwa: Uchambuzi wa Kisa cha Gari Linalozima Ghafla

Gari lilifika likiwa limeshahukumiwa. Mafundi wawili walikuwa wamesema kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, limekufa, wa pili akalifungua na kugusagusa lehemu zake, na mwenye gari alikuwa ameshanunua boksi la mtumba ambalo lilikuwa kwenye kiti cha nyuma, ndani ya mfuko wa plastiki. Alichotaka kwangu kilikuwa kifupi: "Fundi, hili nalo limegoma kuwasha. Niambie tu kama linaweza kuprogramiwa." Nilimwomba turudishe lile la zamani mahali pake, nilipime likiwa ndani ya gari kabla ya kuzungumzia la pili. Naandika hatua zote nilizopita kwa sababu kisa cha namna hii kinajirudia mno, na kila kinapojirudia kuna mtu anayelipia kifaa ambacho hakikuwa kibovu.

Gari lenyewe ni saluni ya petroli, injini ya silinda 4, gia za mkono. Malalamiko yalikuwa haya: linazima ghafla. Halianzi kwa kutetemeka, halipotezi nguvu polepole, halina misi (silinda kuruka bila kuwaka). Linakatika kana kwamba mtu amezima swichi, huku redio inaendelea na taa za mbele zinawaka vilevile. Ukipiga stata injini inazunguka kwa nguvu zote lakini haishiki. Ukisubiri, au ukilisukuma pembeni, linawaka kama hakuna kilichotokea. Mwanzoni lilifanya hivyo mara mojamoja, baadaye ikawa karibu kila safari, hasa kwenye mashimo na wakati wa kurudi nyuma kwenye mwinuko.

Hayo ya mashimo na kurudi nyuma mwenye gari aliyataja mwishoni kabisa, akiwa ameshika kitasa cha mlango anataka kuondoka. Nilimrudisha nikamuuliza: kabla ya tatizo kuanza, gari liliguswa wapi? Akakumbuka kwamba klachi ilibadilishwa. Nililiandika hilo kwenye daftari kabla ya kufungua boneti. Fundi akishaweka mita kwenye waya huwa anasahau kuuliza, na historia ya gari ndiyo kipimo pekee ambacho hakihitaji kifaa.

Waliolihukumu hawakukurupuka

Dalili walizoziona ni za kweli. Gari likiwa limezima, ukiwasha swichi taa ya injini kwenye dashibodi haiwaki. Kwa kawaida taa hiyo lazima iwake unapowasha swichi, kabla ya kupiga stata, kwa sababu boksi linaijaribu. Pili, pampu ya mafuta haikusikika. Kwenye magari mengi boksi huiwasha kwa sekunde kama 2 hivi ili kujaza presha, kisha huizima mpaka lione injini inazunguka. Tatu, skana, kifaa cha kusoma kompyuta za gari, iliwaka lakini haikuweza kuongea na boksi la injini. Ukikusanya mambo hayo matatu, boksi liko kimya kabisa, na kila orodha ya dalili za kontrol boksi bovu inayataja.

Ila ukimya unasema jambo moja tu: boksi halifanyi kazi kwa sasa. Hausemi kwa nini. Ili kuelewa tofauti hiyo inabidi kujua boksi linaishije.

Kontrol boksi ni kompyuta. Lina kichakataji, lina kumbukumbu yenye programu na majedwali ya injini husika, lina saketi za kupokea taarifa na saketi za kutoa amri. Taarifa zinatoka kwenye sensa: krenki (shafti kuu ya injini) imefika wapi, hewa kiasi gani inaingia, throtoli (mlango wa hewa) imefunguka kiasi gani, maji yana joto gani, oksijeni imebaki kiasi gani kwenye moshi. Amri zinakwenda kwenye nozeli za mafuta, koili za cheche, rilei (swichi) ya pampu, throtoli ya umeme kama ipo, feni. Kasi yake ndiyo inayolifanya lisiwe na nafasi ya kubahatisha. Injini ikizunguka mara 3000 kwa dakika, mzunguko mmoja wa krenki unachukua milisekunde 20. Kwenye silinda 4 boksi linalazimika kuamuru cheche mara 100 kila sekunde, kila moja kwa wakati wake, huku likipima nozeli ikae wazi kwa milisekunde chache tu. Sensa ya krenki ndiyo saa yake. Kwenye magari mengi gurudumu la sensa hiyo limegawanywa katika nafasi 60, meno 2 yakaondolewa makusudi. Kila jino ni nyuzi 6 za mzunguko, na lile pengo linaliambia boksi krenki ilipo. Pengo lisipoonekana hakuna cheche wala mafuta.

Kinachosahaulika zaidi ni chakula cha boksi lenyewe. Umeme wa betri haufai kupimia kitu. Wakati wa kupiga stata unaweza kushuka hata chini ya volti 10, na alteneta ikichaji unapanda kupita 14. Sensa ikilishwa umeme unaoyumba hivyo, majibu yake nayo yatayumba. Kwa hiyo ndani ya boksi kuna kidhibiti kinachotengeneza volti 5 zilizotulia. Hizo ndizo zinazopelekwa kwenye sensa ya throtoli, sensa ya presha ya hewa, sensa ya presha ya gesi ya kiyoyozi na nyingine za aina hiyo. Sensa hurudisha sehemu ya volti hizo kulingana na inachopima. Ya throtoli, kwa mfano, hurudisha karibu volti 0.5 ikiwa imefungwa na hupanda kuelekea 4.5 ikiwa wazi yote. Zile nafasi za chini na juu zimeachwa kwa makusudi: taarifa ikianguka sifuri au ikigonga 5, boksi linajua waya umekatika au umepiga shoti, na linaandika kodi ya hitilafu.

Sasa shikilia jambo hili, maana kisa chote kimesimama juu yake. Kwenye magari mengi, hili likiwa mojawapo, volti 5 zinazotoka nje kwenda kwenye sensa ndizo hizohizo zinazolisha kichakataji ndani ya boksi. Waya mmoja tu wa volti hizo ukigusa bodi, yaani chuma cha gari, popote, volti 5 zinaanguka, na kichakataji kinazimika pamoja nazo. Taa ya injini haitawaka, pampu haitanguruma, skana haitajibiwa. Boksi lisilo na ubovu wowote litaonekana mfu.

Kulikamata likiwa bovu

Boksi la zamani liliporudishwa, gari liliwaka. Skana ikaongea nalo vizuri na haikukuta kodi hata moja. Joto la maji lilisomeka kama lilivyotakiwa, marekebisho ya mafuta yalikuwa ndani ya asilimia 5 kila upande, sensa ya oksijeni ilicheza kati ya volti 0.1 na 0.9. Kwa kipimo chochote cha wakati huo, gari lilikuwa zima.

Hapa ndipo wengi wanapoishia wakasema "tulitumie tukaone". Hitilafu inayokuja na kuondoka haipimwi ikiwa imeondoka. Inabidi iitwe. Kwa kuwa gari lilikuwa linazima kwenye mashimo na wakati wa kurudi nyuma, nilifikiria kitu kinachofanana katika hali hizo mbili: injini inatikisika kwenye mipira yake. Ukiweka gia na kuachia klachi, injini hujipinda kidogo upande mmoja, na ukiweka ya kurudi nyuma hujipinda upande wa pili. Nikavuta breki ya mkono, nikakanyaga ya mguu, nikaweka gia ya kurudi nyuma na kuachia klachi taratibu mpaka gari lianze kujikaza. Likakatika. Nikazima swichi na kuiwasha tena: taa ya injini haikuwaka, pampu kimya, skana haijibiwi.

Tangu hapo nilipiga marufuku mtu yeyote kugusa nyaya za kwenye injini. Ni kosa la kawaida sana kuanza kutikisa soketi papo hapo. Gari linawaka, kila mtu anafurahi, na ushahidi umepotea.

Nilianza na umeme unaoingia kwenye boksi, ambalo kwa bahati nzuri liko ndani ya gari, chini ya dashibodi, mbali na injini. Kwenye pini za umeme mkuu mita ilionyesha volti 12.4. Namba hiyo peke yake siiamini. Mita haivuti umeme wa maana, kwa hiyo waya uliobakiwa na unyuzi mmoja bado utaonyesha volti 12 safi, kisha uanguke mara tu boksi linapohitaji kazi kufanyika. Nikaweka balbu ya wati 21, ile ya taa ya breki, kati ya pini hiyo na bodi. Inavuta karibu ampea 2. Ikawaka kwa mwanga kamili. Umeme upo na una nguvu.

Kisha ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye pini ya ethi ya boksi na nyingine kwenye kichwa cha betri upande wa hasi, msaidizi akapiga stata. Kipimo hiki kikizidi sehemu ya kumi ya volti nakuwa na mashaka na ethi. Mita haikufika hata nusu ya hapo. Ethi mbovu inaiga ugonjwa wa boksi kuliko kitu kingine chochote: gari linakuwa na misi, sensa zinasoma uongo, taa zinawaka bila mpangilio, hata kodi zinazodai kichakataji ni kibovu zinaweza kujitokeza. Hapa haikuwa na hatia.

Njia ya mawasiliano nayo niliipitia haraka. Skana inawaka kwa sababu inapata umeme wa betri kupitia pini ya 16 ya soketi yake, kwa hiyo kuwaka kwake hakuthibitishi lolote kuhusu boksi. Betri ikiwa imefunguliwa, nilipima omu kati ya pini 6 na 14, zinakopita nyaya mbili za CAN, mtandao unaounganisha maboksi ya gari. Zilikuwa 60. Kila mwisho wa mtandao huo una kizuizi cha omu 120, na viwili vikiwa pamoja vinatoa 60. Ningekuta 120 ningejua upande mmoja umekatika. Mtandao ulikuwa salama.

Ikabaki volti 5. Nikarudisha betri, nikawasha swichi, nikapima waya wa volti 5 kwenye boksi lenyewe, kwa sindano nyembamba iliyoingizwa nyuma ya soketi bila kutoboa waya. Mita ikasoma volti 0.1.

Nafikiri hapa ndipo hukumu nyingi za kimakosa zinapotolewa, hata na mtu aliyefika mbali kiasi hiki. Volti 5 zinatengenezwa na boksi. Hazipo. Basi boksi ni bovu. Lakini kuna uwezekano wa pili: boksi linazitengeneza, na kitu cha nje kinazinyonya. Njia ya kutofautisha ni moja na haina gharama yoyote. Nilichomoa sensa zote zinazolishwa na waya huo, moja baada ya nyingine, mita ikiwa imeunganishwa. Sensa iliyopiga shoti kwa ndani ikichomolewa, volti 5 hurudi palepale na taa ya injini huwaka, na ya kiyoyozi ni mojawapo ya zinazopenda kufanya hivyo kwa sababu inakaa mbele karibu na rediata, inakorushiwa maji na vumbi. Hazikurudi. Nikazima swichi, nikafungua betri upande wa hasi, nikachomoa soketi ya boksi lenyewe. Sasa ule waya wa volti 5 ulikuwa umebaki peke yake: hauna boksi upande mmoja, hauna sensa upande mwingine. Nikapima omu kati yake na bodi ya gari.

Nusu omu. Waya usiounganishwa na kitu chochote ulikuwa unagusa bodi, na boksi lilikuwa mezani pangu.

Nilimwita mwenye gari aje aione ile namba kwa macho yake. Alikuwa ameambiwa na watu wawili kwamba kompyuta ya gari lake imekufa, na alistahili kuuona ushahidi mwenyewe badala ya kupewa neno la mtu wa tatu.

Mahali penyewe

Mita ikiwa bado inapima omu, na mlio wake umewashwa, nilifuata fungu la nyaya kutoka ukutani mwa injini kuelekea mbele, nikiliinua kwa kidole kimoja, kidogokidogo. Nyuma ya injini, juu ya giaboksi, mlio ukakatika. Nikaliachia, ukarudi.

Hapo fungu la nyaya linapita juu ya breketi ya chuma inayoshika bomba la klachi. Kiwandani lilikuwa limeshikwa na klipu ya plastiki inayoliweka juu ya breketi kwa nafasi ya kidole kimoja. Klipu haikuwepo, tundu lake tu ndilo lililobaki. Giaboksi iliposhushwa kubadilisha klachi, klipu ilivunjika au ilitupwa, na fungu likalazwa moja kwa moja juu ya ukingo wa breketi. Mfuko wa plastiki wenye mikunjo unaofunika nyaya ulikuwa umekatwa na ukingo huo kama urefu wa ukucha. Ndani yake kulikuwa na nyaya nyingi, na mmoja tu, uliokuwa chini kabisa, ndio uliochubuka. Ganda lake lilikuwa limeliwa upande mmoja mpaka shaba ikaonekana, inang'aa pale inaposuguliwa na imeanza kijani pembeni. Kwenye breketi kulikuwa na alama ndogo isiyo na rangi, imesuguliwa ikawa nyeupe, pana kama punje ya mchele. Injini ikijipinda kwenye gia ya kurudi nyuma, shaba inakalia alama ile. Breketi imefungwa kwenye injini, injini ni ethi. Volti 5 zinaishia hapo.

Ukiutazama mchubuko huo, kila lalamiko la mwenye gari linapata maelezo. Gari linakatika bila misi kwa sababu kichakataji kinazimika chote kwa pamoja. Redio na taa zinaendelea kwa sababu hazipiti kwenye boksi la injini. Stata inazunguka kwa nguvu kwa sababu betri na ethi ni nzima. Linawaka baadaye kwa sababu injini ikitulia, au gari likisukumwa, waya unanyanyuka. Hakuna kodi kwa sababu anayeandika kodi ndiye aliyezimika, na umeme wake ukirudi anaanza kazi upya bila kujua alikuwa wapi. Hilo la mwisho lilikuwa limewapotosha waliotangulia: waliona kumbukumbu haina kitu wakadhani boksi limeharibika kiasi cha kushindwa hata kujikagua.

Boksi halikuungua kwa shoti zote hizo kwa sababu kidhibiti cha volti 5 kimejengwa na ulinzi wake. Kikiona mkondo umezidi, kinabana. Ndiyo maana kwenye mita nilipata 0.1 na sikupata moshi.

Matengenezo yenyewe yalikuwa madogo kuliko maelezo yake. Niliukata waya pale ulipoliwa, nikatoa kipande chenye kijani, nikaunganisha kwa lehemu na kufunika kwa mrija unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Nikakagua jirani zake wote, wawili walikuwa na alama ya kukwaruzwa bila kufika kwenye shaba, nao nikawafunika. Utepe wa kawaida wa umeme siuweki kwenye injini, gundi yake inalainika kwa joto na baada ya muda unaning'inia. Fungu zima nikalizungushia utepe wa kitambaa, nikaweka klipu mpya, na ukingo wa breketi nikaupiga msasa usiwe na makali.

Kisha nikairudia hitilafu kwa njia ileile iliyoileta. Mita kwenye waya wa volti 5, gia ya kurudi nyuma, breki mbili, klachi juu. Gari likajikaza, injini ikajipinda, mita ikabaki kwenye 5.02. Gia ya kwanza, hivyohivyo. Fungu likivutwa na kusukumwa kwa mkono injini ikiwa inanguruma, namba haikucheza.

Boksi la mtumba lilivyoingia hapo

Mwenye gari aliuliza swali la haki: kama boksi la zamani lilikuwa zima, mbona la mtumba nalo lilikataa? Kwa sababu mbili tofauti kwa nyakati tofauti. Waya ukiwa umegusa breketi, boksi lolote ungeliweka lingekuwa kimya, hata jipya kutoka kiwandani. Waya ukiwa umeachia, boksi la mtumba lilikuwa hai lakini lilikuwa na imobilaiza (kinga ya wizi inayotambua funguo) ya gari jingine. Linangoja kitambulisho cha funguo zake za zamani, halikioni, linakataa kutoa mafuta au cheche. Dalili yake ni tofauti kidogo: taa ya injini inawaka, skana inaongea, taa ya funguo inamulika, stata inazunguka, injini haishiki au inashika sekunde moja na kufa. Fundi aliyelifunga aliona "haliwaki" zote mbili akaziweka kapu moja.

Na hata likikubali, boksi lenye namba ya sehemu isiyolingana linaweza kuwa na majedwali ya injini nyingine. Gari litatembea, litakula mafuta, litagonga, na mwenye gari hatajua chanzo. Mimi sifungi boksi la mtumba kabla ya kulinganisha namba zote za kwenye lebo, herufi kwa herufi.

Na likiwa limekufa kweli?

Yapo yanayokufa, na sitaki msomaji aondoke akidhani boksi halifi. Maji ndiyo adui mkubwa. Boksi lililoko chini ya zulia au karibu na kioo cha mbele likiingiwa na maji, pini zinaota kijani na njia za shaba kwenye bodi yake ya saketi zinaliwa. Kapasita za maboksi ya zamani zinavuja maji yake na kula bodi kuzunguka miguu yake. Kuchomelea bodi ya gari kwa umeme bila kufungua betri, kubusti kwa kugeuza chanya na hasi, alteneta inayochaji kupita kiasi, vyote vinaua. Mtikisiko na joto la miaka vinapasua lehemu, na hapo unapata gari linalokufa likipata moto na kufufuka likipoa. Dalili hiyo inafanana sana na sensa ya krenki inayochoka, kwa hiyo anza na sensa.

Kifo kinachoonekana zaidi hakiwi cha boksi zima. Kinakuwa cha tawi moja. Transista, swichi ya ndani ya boksi inayoendesha nozeli au koili ya silinda moja inaungua, gari linakuwa na misi ya kudumu kwenye silinda hiyo, na mengine yote yanaendelea. Hapo ushahidi unakusanywa kwa mpangilio uleule nilioutumia juu: nozeli yenyewe nzima, umeme wa volti 12 unafika kwake, waya wa kurudi kwenye boksi haujakatika wala kupiga shoti, krenki inaonekana kwenye skana, na bado boksi halivuti waya ule kwenda chini. Taarifa zote zimeingia sawasawa, amri haitoki. Huo ndio ushahidi wa kulihukumu. Ukishalihukumu, tafuta kilicholiua kabla ya kufunga jingine. Koili iliyopiga shoti ndani inaua transista ya boksi, na ukiiacha mahali pake itaua ya boksi jipya siku ileile.

Kuhusu kodi, zipo zinazozungumzia boksi moja kwa moja: P0601 ni jumla ya ukaguzi ya kumbukumbu kutokubaliana, P0604 ni kumbukumbu ya muda, P0605 ni kumbukumbu ya kudumu, P0606 ni kichakataji. P0641 na P0651 zinahusu volti 5 za sensa, na zinaonekana kwenye magari ambayo kichakataji chake kina chakula tofauti na kile cha sensa, kwa hiyo kinabaki hai kuripoti. Ukikuta U0100 kwenye boksi jingine la gari, maana yake linalalamika kwamba boksi la injini haliongei. Zote nazichukua kama malalamiko ya kuchunguzwa. P0606 niliyoikuta kwenye gari lenye betri iliyochoka siihesabu mpaka betri ibadilishwe, kodi ifutwe, na irudi yenyewe.

Kazi ya mwisho kwenye gari hili ilikuwa kurekebisha kilichoharibiwa na tiba. Boksi lilikuwa limefunguliwa na kufungwa tena kwa silikoni ya kawaida, ile inayonuka siki inapokauka. Harufu ile ni asidi, na ndani ya boksi lililofungwa inakula shaba. Niliikwangua yote, nikasafisha bodi kwa pombe ya kusafishia vifaa vya umeme, nikatazama kila lehemu iliyoguswa kwa lenzi. Mbili zilikuwa zimebaki na mabaki ya dawa ya lehemu, moja ilikuwa imepoteza ile rangi ya plastiki inayokinga bodi dhidi ya unyevu. Nikairudishia, nikaiacha ikauke, nikalifunga kwa silikoni isiyotoa asidi na kulirudisha chini ya dashibodi, mdomo wa soketi ukiangalia chini kama ulivyotoka kiwandani. La mtumba mwenye gari alikwenda kulirudisha kwa aliyemuuzia.